Dokta Khatibu na Dawa ya Siku Kumi

Khatibu alishona viatu ugenini, Mtaa wa Jules, Malvern, lakini majirani walimwita Dokta, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Aliwaambia kuwa kule Tanga aliwahi kufanya kazi duka la dawa. Hakuwaambia kuwa kazi yenyewe ilikuwa kupiga deki, tena miezi minne tu, mpaka alipovunja kioo cha kabati.

Basi bintiye Biubwa, mwenye miaka saba, alipovimba koo na kuwaka homa hata mate hayamezeki, nesi wa kliniki alimpa chupa ya penisilini. "Siku kumi, baba. Hata akipona kesho, siku kumi." Khatibu akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekumbushwa jambo analolijua.

Siku ya nne Biubwa alikuwa anaruka kamba uani. Jioni yake Emérite, jirani yao Mrundi, akabisha hodi: bintiye Yolande naye koo linamuuma. "Dokta, unisaidie." Sasa utamnyima vipi jirani dawa, na chumvi mnaombana kila siku? Khatibu aliinua chupa kwenye taa, akaitikisa, akakunja uso kitaalamu, akamkabidhi yote.

"Wangu ameshapona. Dawa ikizidi mwilini nayo sumu," alisema, na maneno yakamtoka matamu hata akayaamini.

Mkewe Tabia aliuliza tu, "Nesi si alisema kumi?" Akajibiwa kwamba manesi husema kumi ili watu wafikishe tano.

Wiki haikuisha, homa ikarudi. Khatibu alimbeba mwanawe hadi kliniki, na kwenye foleni akamkuta Emérite na Yolande, maana mabaki ya chupa hayakumponya. Waliingia pamoja.

"Dawa aliimaliza?" nesi aliuliza. Khatibu, mtu asiyekosa jibu, akalikodolea macho tangazo la kunawa mikono.

"Ile ingine Dokta alitupatia sisi," Emérite akasema kwa moyo mweupe.

"Daktari yupi?"

Emérite akamwonyesha Khatibu, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeganda gundi ya viatu.

"Eish, baba." Nesi hakucheka. Alieleza kuwa vijidudu vya koo visipomalizwa, baadaye mwili wa mtoto unaweza kuushambulia moyo wake mwenyewe, na moyo ukishaharibika haushonwi kama kiatu. Kisha akaweka chombo kifuani pa Biubwa, akasikiliza. Khatibu alitafuta dua, akakuta zote zimemtoka kichwani. Hajawahi kuogopa vile.

"Moyo uko salama," nesi akasema mwishowe. "Ila chupa sikupi tena. Kuna sindano moja inayotosha siku zote kumi. Hiyo ni ya watoto ambao nyumba zao hatuziamini."

Ilikuwa sindano nene, na Biubwa alilia mpaka sauti ikakauka. Nje ya geti akauliza kwa Kiingereza chake cha shule: yeye alikuwa anakunywa dawa vizuri, kwa nini amechomwa?

"Kosa ni la baba, mwanangu," Khatibu akasema.

Biubwa akajifuta kamasi, akafikiri.

"Basi wangekuchoma wewe."