Kifaa Chini ya Bawa

Mimba ya Benedicta ilikuwa imeshakuwa kubwa na daktari akamkataza kusafiri. Kwa hiyo ndege ya utafiti ilipokwenda Aktiki, yeye alibaki nyumbani Mount Dennis, mtaa wa Toronto, kompyuta mbele yake, simu sikioni. Kifaa kilichofungwa chini ya bawa alikiunda yeye. Kazi yake ilikuwa kuhesabu matone ndani ya mawingu ya chini, ijulikane kama yanaikinga barafu ya bahari dhidi ya jua, au yanaifunika kama blanketi na kuiyeyusha.

Safari nzima anga ilikuwa tupu. Siku ya mwisho mawingu yakaja.

"Dada, tumeingia!" Rameez, mwenzake kazini aliyekuwa ndani ya ndege, alipaza sauti kwenye simu ya setilaiti. Alizaliwa Toronto, wazazi wake watu wa Arusha, na Kiswahili kilimtoka akifurahi au akiogopa tu.

Mistari ya hesabu ya matone ikapanda kwenye skrini. Benedicta akacheka peke yake. Mara mmoja ukaanza kushuka, ukashuka, ukalala chini kabisa.

"Rameez, mdomo wa kifaa unazibwa na barafu. Washa hita."

"Nimewasha."

"Zima, uwashe tena."

Ukasikika mvumo wa injini tu. "Haiwaki, dada. Nifanye nini?"

Akamwambia abadilishe fyuzi, ajaribu waya wa pili. Rameez alijaribu vyote. Kifaa kile Benedicta angekifungua hata akiwa amefumba macho, lakini kilikuwa nje, kwenye baridi, na hata Rameez hakuweza kukigusa.

"Mwombe rubani apande juu, jua liyeyushe barafu, halafu mrudi mawinguni."

"Amekataa, mafuta hayatoshi. Na mabawa nayo yanashika barafu, dada. Tunaon—"

Simu ikakatika.

Mumewe, Methodius, alimkuta ameshikilia meza. "Tumpigie nani?"

"Hakuna wa kumpigia."

Wakakaa. Chai ikapoa. Mtoto alimpiga teke tumboni, naye hakuweka hata mkono.

Hatimaye ujumbe ukaingia: wametua salama. Chini yake picha ya kifaa, mdomo umejaa barafu nyeupe. "Samahani, dada."

Benedicta alilia, kwanza kwa shukrani, kisha kwa yale mawingu yaliyopita bila kupimwa.

"Si mtajaribu tena kesho?" Methodius aliuliza.

"Kesho ndege inakwenda kwa watu wengine."

"Na mwakani?"

Benedicta alifunga kompyuta.