Mama Radi Anataka Nini

Mieleka yenyewe haikuwepo, tusidanganyane. Hapakuwa na ulingo wala kamba, wala jitu lenye bukta inayong'aa lililorushwa juu likaanguka kwa mgongo. Kulikuwa na kundi la kwenye simu liitwalo Ulingo wa Hewani, lenye watu wazima na akili zao, na kila mmoja alikuwa amejibunia mwanamieleka wake, akampa jina, hasira na wimbo wa kuingilia. Mapambano yaliandikwa tu. Watu waliyasoma, wakashangilia kwa vidole, wakanuniana wiki nzima kwa ajili ya mkanda wa ubingwa ambao haujawahi kushonwa. Ukitaka kucheka, cheka, lakini wapo watu wanaogombana kwa mambo ya kipuuzi kuliko hayo.

Aliyeyaandika mapambano hayo alikuwa kinyozi, na kundini walimwita Mratibu. Onyesho kubwa lilikuja mara chache kwa mwaka, ila kazi yenyewe ilikuwa katikati, baina ya onyesho na onyesho: nani amchokoze nani, nani amsaliti rafiki yake, nani ajitie kusamehe, ili siku ikiwadia watu wawe roho juu. Na alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja kwa mtu yeyote. Kila onyesho kubwa likiisha, alimwandikia kila mwenzake faraghani swali lile lile: "Wako anataka nini?" Jibu lilitakiwa litoke kinywani mwa mwanamieleka, si kwa yule aliyembuni. Fundi bomba mmoja wa kundini hakuandika kwamba anaomba mkanda. Aliandika, "Mimi, Sumu ya Panya, nimechoka kula makombo!" Ukijibu kwa sauti yako ya nyumbani, Mratibu alikurudishia jibu lako ukaliandike upya.

Sasa, kinyozi huyu alikuwa na mke, fundi cherehani, na mke naye alikuwa na mwanamieleka wake, Mama Radi, mwanamke mwenye mabega mapana na ulimi mkali. Wa kinyozi aliitwa Kifaru Mpole. Wawili hawa walipigana upande mmoja miaka na miaka, na kundi zima liliwapenda kufa. Halafu, mwisho wa onyesho kubwa lililopita, Mama Radi alimgeukia Kifaru akamtandika teke la kifua mbele ya umati ambao haupo. Mke ndiye aliyeomba iwe hivyo. Kinyozi akaliona wazo zuri ajabu, akaliandika kwa raha zake, akamwagiwa sifa. Wiki ile ile mke akafunga virago, akabeba cherehani yake, akahamia kwa dada yake. Jamani! Mtu anaambiwa waziwazi, na bado hasikii.

Kinyozi alipompigia simu, mke hakupokea. Alipomwandikia kwamba nyumba imekuwa pango, hakujibu. Lakini akimwandikia kuhusu Mama Radi, jibu lilikuja, tena upesi, kwa ukali ule ule wa siku zote. Mama Radi alikuwa tayari kwa lolote. Kinyozi akang'ang'ania hapo. Wiki hii Kifaru anamwita Mama Radi, haji. Wiki ijayo anakuja, wanatukanana. Wiki inayofuata wanatazamana tu, wanaachana. Kila wiki ya ugomvi ilikuwa wiki ya kuongea na mkewe, na mwanamume yule hakuwa na njia nyingine ya kuongea naye duniani.

Mwokaji wa mikate aliyekuwa jirani ya kibanda chake, rafiki yake na mwanachama wa kundi, akachoka.

"Kaka, hii hadithi unaivuta kama chingamu," alimwambia akiwa kitini, shuka shingoni. "Ama wapatane, ama wauane. Sisi wengine tuna wanamieleka wamekaa benchi wanaota ukungu."

"Mambo mazuri hayataki haraka."

"Hayataki haraka, lakini yanachacha."

Kinyozi akacheka. Moyoni alijua mwenzake anasema kweli, na alijua pia kwamba hadithi ikiisha tu, naye kwisha habari yake. Ndiyo maana alipanga isiishe kwa kuachana. Onyesho kubwa lijalo Kifaru na Mama Radi wangepatana, basi, na huku nyumbani nako Mungu angejua la kufanya. Akamtumia mkewe swali. Mama Radi anataka nini kwa Kifaru?

Jibu lilimkuta kazini, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja.

"Kifaru," liliandikwa, "nimepigana peke yangu tangu siku ile, na nimeshinda. Lakini kila ninapoanguka nasikiliza nyuma yangu kama kuna miguu yako inakuja. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilikuwa naogopa kila pambano. Nilikuwa naingia kwa sababu wewe upo. Mgongo wangu umezoea wako. Njoo unichukue."

Kinyozi alisoma akaacha kunyoa. Akasoma tena. Machozi yakamtoka hadharani, mbele ya mteja, mbele ya kioo, wala hakuyafuta. Mteja akauliza kama kuna msiba. "Hapana," alisema, "ni heri, ndugu yangu, ni heri tupu," akamaliza upande uliobaki bila kuona vizuri, na kichwa cha watu kikatoka na mashimo.

Alifunga kibanda mchana kweupe. Akafagia nyumba, akaosha vyombo vilivyoganda kwenye sinki, akasogeza kabati ili pale dirishani, mahali pa cherehani, pabaki wazi. Akavaa shati la kupigiwa pasi. Kisha akaenda kumtafuta jamaa mwenye mkokoteni, maana cherehani ile ni ya miguu, chuma kitupu, haibebeki kwapani. Njia nzima alimsimulia jamaa wa mkokoteni jinsi mkewe alivyo, utadhani anakwenda kuposa.

Shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, ndiye aliyefungua mlango. Akamtazama shati, akautazama mkokoteni.

"Karibu, shemeji," alisema mwishowe, kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake. "Ngoja nimwite."

Mke akatoka na futi ya kupimia shingoni, pini mbili zimechomekwa kifuani mwa blauzi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa mzuri, na kinyozi roho ilimdunda kama mvulana.

"Nimekuja," alisema.

"Nakuona. Umekuja kufanya nini?"

"Umesema nije nikuchukue."

Mke hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni.

"Mungu wangu," alisema. "Uliuliza Mama Radi anataka nini. Nikakujibu kwa kinywa cha Mama Radi. Si ndiyo sheria yako? Si wewe uliyewahi kunirudishia jibu mara tatu, ati sauti ni yangu mno?"

"Maneno yale hayakutoka hewani, mke wangu. Nakujua. Kuogopa kule, ule mgongo, yale ni yako."

"Ndiyo, yalikuwa yangu."

"Sasa je?"

"Sasa nimeshayatoa. Nilikuwa nayo miaka mingi mle ndani, ya kwako wewe. Nilikaa nayo mezani, nilikaa nayo kitandani, wewe uko kwenye simu unamuuliza fundi bomba panya wake anataka nini." Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza zaidi. "Kundi zima uliliuliza. Mimi mkeo uliniuliza lini? Hata siku moja. Nikaona maneno yataozea kifuani bure, basi heri Mama Radi ayatumie. Nilipomaliza kuandika nikajisikia mwepesi. Nikala, nikalala. Sikukuwaza kabisa."

"Nakuuliza sasa."

"Umechelewa, baba. Maji yakishamwagika hayazoleki."

Kinyozi akapiga magoti pale uani, na shati lake lile. Aliomba, si kwa ufundi, si kama anavyoandika. Alisema tafadhali, akasema tena tafadhali, akasema atalitupa kundi na simu yenyewe. Jamaa wa mkokoteni akageuza uso akajifanya anakagua tairi.

"Usilitupe," mke alisema. "Wanakuhitaji, na wewe ni hodari, wala sikudanganyi. Atakayetoka ni mimi. Nilibaki kwa sababu napenda kuandika, sikujua kwamba unanivua kama samaki. Na anayetoka ana haki yake kwako, au siyo?"

Ilikuwa hivyo kweli. Mwanachama akiaga, Mratibu alimwandikia mwisho autakao, bila kupunguza neno.

"Sema," alinong'ona.

"Wakutane katikati ya ulingo. Wasipigane. Kifaru anyooshe mkono, naye aupokee, maana hakuwa mtu mbaya. Halafu Mama Radi ashuke, apite katikati ya watu, atoke. Asigeuke nyuma. Na usiweke ile michezo yako ya kivuli mlangoni sijui wimbo wake unasikika, watu wakae wakimngoja. Nataka watu wajue kwamba amekwenda."

Akamshika bega, akalibonyeza kidogo, kisha akarudi ndani kwenye kazi yake. Muda si mrefu cherehani ikasikika inakimbia.

Kinyozi aliandika onyesho lile kwa siku nyingi na kila mstari ulimkata. Kifaru alitaka kusema jambo, kinyozi akamnyima sentensi. Mama Radi alipofika mlangoni, vidole vya kinyozi vilitamani kumgeuza kichwa, kidogo tu, ukucha tu. Lilikuwa jambo rahisi mno, na hakuna ambaye angejua isipokuwa yeye na mwanamke mmoja. Alimwacha apite. Alipotuma, kundi likalipuka kwa vilio na makofi, na katikati ya makelele hayo simu ikaandika kwamba fundi cherehani ameondoka kundini.

Kesho yake mwokaji aliingia kibandani mikono juu, unga ungali kwenye nyusi, akajitupa kitini.

"Kaka, umetuua! Mke wangu amelia mpaka mkate umeungua. Haya, nitajie mimi tu, sitamwambia mtu. Wanarudiana lini?"

"Hawarudiani."

"Ah, toka hapa! Wewe? Wewe ulimfufua Sumu ya Panya baada ya kuzikwa. Utamrudisha tu, nakujua. Onyesho lijalo?"

"Hawarudiani, rafiki yangu," kinyozi alisema. Alitaka kumfunga shuka shingoni, mikono ikakataa, akabaki ameishikilia ile shuka mbele ya uso wake. "Nilimwomba kwa magoti. Amekataa."

Mwokaji akaacha kucheka. Akainuka kitini, akamkalisha yeye.