Mgeni Aliyetoka Bafuni

Jumanne moja ya Februari, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, mzee Tokujiro Kurokochi alivua saa yake ya mkononi, akaivisha shingoni mwa chupa ya sosi ya soya, mahali pake pa kila siku, akaenda kuoga.

Nyumba ya akina Kurokochi, mjini Himi, Japani, ilikuwa na watu wanne na hodhi moja la kuogea. Kila mtu alijisugua na kujisuuza kwanza pembeni, chini ya shawa, kisha akaingia kwenye hodhi kuloweka mwili, na akitoka alirudisha mfuniko ili anayefuata akute joto katika maji yale yale. Mzee alianza. Akafuata mwanawe, Yoshinari. Akafuata mjukuu, Kozue, mwenye miaka kumi na sita na nywele zinazohitaji muda. Mitsue, mke wa Yoshinari, aliingia wa mwisho, baada ya vyombo. Saa tatu kamili, Mitsue akiwa bado kwenye vyombo, mzee alizima hita ya maji ukutani na kwenda kulala. Kitufe cha kupasha maji upya kilikuwapo. Mzee alikibandika utepe mwaka ule Mitsue alipoolewa, na huo utepe ulikuwa bado imara.

Mitsue alifanya kazi kiwandani, akipanga keki za samaki juu ya vibao. Miaka kumi na tisa ya kupanga ilikuwa imeteremsha bega lake la kulia chini ya la kushoto. Bi Iwase, aliyesimama karibu naye kwenye mstari, alikuwa amempa kiboksi cha vidonge sita vya mvuke, harufu ya mnanaa na mti wa hinoki.

"Unakiweka sakafuni, shawa inakinyeshea, kinatoa mvuke," Bi Iwase alimwambia. "Unasimama humo, unavuta pumzi, bega linalegea. Lakini maji yawe ya moto kweli, mwenzangu. Ya vuguvugu utanusa tu."

Mitsue aliweka kiboksi kwenye rafu ya bafu akisubiri siku nzuri ya kuomba kuoga mapema. Jumanne hiyo, kabla siku nzuri haijafika, mzee alikikuta. Kwenye kiboksi palichorwa kidonge sakafuni karibu na unyayo wa mtu. Mzee akaelewa kuwa ni dawa ya miguu. Na kwa kuwa katika miaka yake sabini na tisa hajapata kuona kitu cha bafuni chenye kutoa povu ambacho hakiingii kwenye hodhi, akatumbukiza kidonge kimoja humo.

Alipotoka, mvuke ulitoka naye. Ulimfuata ukumbini, ukakaa.

Yoshinari alikuwa akisoma habari za mieleka ya sumo gazetini. Akavuta mguu ili mvuke upate nafasi.

"Baba, una mgeni."

"Tumetoka bafuni pamoja. Sikumuuliza jina, nilikuwa sijavaa."

Mvuke ulikuwa na umbo la mwanamke wa makamo, kichwa kimeinama kidogo, bega la kulia chini ya la kushoto. Ulikuwa umekalia mto wa nne wa mezani, ule uliobaki mpya kwa sababu mwenyewe alizoea kula amesimama jikoni.

"Sura hii naijua," alisema Yoshinari. "Sijui nimeiona wapi."

"Si binamu wa marehemu mama yako? Yule wa Takaoka."

"Yule alikuwa mnene, Baba."

"Amepungua. Huoni hata ukuta unaonekana?"

Kozue aliinua macho kutoka kwenye simu. "Mimi nahisi namwona kila siku. Labda ni wa kantini shuleni."

Mitsue aliingia na sinia la supu. Akalitazama lile bega kwa muda. Kisha akarudi jikoni, akaleta bakuli la tano.

"Mama Kozue, unamjua huyu?" aliuliza Yoshinari.

"Kidogo."

"Afadhali. Basi mhudumie wewe."

Saa tatu mgeni alianza kupoa, na asubuhi kwenye mto palikuwa na unyevu tu. Mzee aliona kuwa wamempokea vibaya. Jumatano akatia kidonge kingine, mgeni akarudi. Alhamisi Yoshinari akatia. Ijumaa Kozue akatia viwili, kwa kuwa aliwahi kuona mgeni akikohoa. Familia ilimzoea. Walimsimulia mambo ya siku nzima, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya kabla, naye alisikiliza kwa kichwa kilekile kilichoinama. Ila kila mmoja alibaki na mashaka yake. Yoshinari aliamka usiku mara mbili akiwa karibu kabisa kulikumbuka jina.

Jumamosi, kabla mzee hajavua saa, Mitsue alipiga magoti mlangoni mwa ukumbi.

"Baba, kimebaki kidonge kimoja. Naomba nikitumie mimi. Leo tu, nitangulie kuoga, kwa shawa, dakika kumi. Bega linaniuma hadi nashindwa kuinua sufuria."

Wote watatu walimtazama. Hakuna aliyekasirika. Walikuwa wakijaribu kuelewa.

"Utangulie," alisema mzee.

"Ndiyo, Baba."

"Mkwe, mimi si mchoyo. Lakini bila kidonge mgeni haji. Sasa tumwache nje na theluji yote hii?"

"Tena na bega lile," aliongeza Yoshinari. "Wewe hujaliona bega lake?"

"Nimeliona," alisema Mitsue.

Mzee alifikiri. Kisha akatoa tamko zito kuliko yote aliyopata kutoa katika nyumba ile: tangu leo, mgeni ataoga wa kwanza. Yeye atakuwa wa pili. Tangu baba yake afariki hajawahi kuoga maji yaliyotanguliwa na mtu. Yoshinari alifuta macho kwa ukingo wa gazeti. Kidonge cha mwisho kikatumbukizwa.

Mgeni alisimama mlangoni mwa bafu, asiingie. Aligeuka kwa Mitsue, akainama na kumnyooshea mkono wa ukungu aingie yeye. Mitsue naye akainama. Mgeni akainama zaidi.

"Mama Kozue, usimcheleweshe mtu," Yoshinari alisema. "Maji yanapoa."

Mitsue alimfungulia mlango.

Baada ya hapo vidonge havikuhitajika tena. Akioga maji mapya ya moto kila jioni, mgeni hakupoa wala kutoweka. Kozue alibandika orodha kwenye mlango wa bafu: Mgeni, Babu, Baba, Mimi, Mama.

Mwezi Machi, wakiwa mezani, Yoshinari alimtazama mgeni sana, kijiti kimoja cha kulia kikiwa mdomoni.

"Mmeona? Mabega yake yamelingana."

Walitazama. Ilikuwa kweli. Mgeni alikuwa amekaa wima, hata shingo ilionekana.

"Sasa ndiyo simjui kabisa," alisema Kozue.

"Ni maji ya moto," alisema mzee, akainuka kwenda kuzima hita. "Bega halitaki kitu kingine."

Mitsue alisema ni kweli, Baba. Akaosha bakuli tano, akachukua taulo, akaenda kuoga.