Tsebel Si Maji

Kwa miaka mingi mama yangu hakulala nyumbani kwa dada yake, na kila mwaka alikuwa na sababu. Barabara imeharibika. Mvua imezidi. Kuku anatamia, nani atamwangalia?

Mama mkubwa Aregash hakuweza kuja kwetu mjini Dessie, maana macho yake yalikuwa yakififia. Alikuwa akipiga simu kutoka kijijini kwake, ng'ambo ya Woldia, na kuuliza swali lile lile.

"Yeshi, unakuja lini nikuone kabla sijakupapasa kwa mikono?"

Mama alikuwa anacheka, anajibu, anamaliza mazungumzo. Halafu anabaki na simu mapajani kana kwamba bado ina joto la mtu.

Sababu ya kweli niliijua mimi, kwa kuwa tulilala chumba kimoja. Mama aliamka usiku kwenda haja ndogo, mara nyingi hivi kwamba asubuhi alikuwa kama mtu aliyekesha msibani. Nyumbani alikuwa na ndoo yake karibu na kitanda. Lakini mara ya mwisho alipokwenda kwa dada yake walilala kitanda kimoja, kama walivyolala utotoni, na usiku ule alichelewa kuinuka. Alfajiri aligeuza godoro kabla watu hawajaamka, akaaga, akasema kuna mtu amefariki kwenye chama chake cha maziko. Alinieleza hayo siku moja tu, nikimsuka nywele, uso wake ukiwa ukutani.

"Natamani kulala pale mpaka kuche," alisema. "Usiku mmoja. Miguu yake ilikuwa baridi kama ya chura, na ananiwekea mgongoni makusudi. Sijui kama bado ni baridi."

Ndiyo maana nilimpeleka kwa daktari. Alikataa, akakubali, akakataa tena mlangoni.

Daktari Biruk alikuwa kijana mpole, uzi wa ubatizo ukionekana kwenye kola yake. Alimpima sukari, mkojo, figo, akampima na chumvi ya damu. Akamwambia apime kiasi cha mkojo wake kwa kopo, mchana na usiku, na tukarudi na majibu. Ndipo akasema mwili wa mama unatengeneza mkojo mwingi usiku kuliko mchana, na kwamba kuna kidonge.

"Lakini kidonge hiki si cha kuchezea, mama. Kinaziambia figo zipumzike usiku. Zikipumzika, maji yoyote utakayokunywa hayana pa kutokea. Yanabaki ndani na kuizimua chumvi ya damu, kama mchuzi uliozidishiwa maji. Kwa umri wako hilo ni hatari. Unameza saa moja kabla ya kulala, na kuanzia hapo hunywi maji mpaka asubuhi. Funda dogo tu la kushushia kidonge."

"Na kahawa?"

"Kahawa ya jioni iache. Chai, maziwa, supu, vyote. Ukiumwa kichwa, ukisikia kichefuchefu au akili ikikuchanganya, unaacha kidonge na kuja hapa. Ukiharisha au kutapika, unaacha pia. Na wiki ijayo lazima nipime damu tena, hata kama unajisikia msichana."

"Sitasubiri wiki kujisikia msichana," mama alisema, na daktari akacheka.

Usiku wa kwanza alilala. Mimi ndiye niliyeshtuka, kwa ukimya. Asubuhi alikaa kitandani akitazama dirisha lenye jua kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoiamini. Kabla ya kunawa uso alimpigia simu dada yake.

"Arege, nakuja. Tutafungua mfungo wa Filseta pamoja. Mtafute jogoo mnene."

Nilisikia mama mkubwa akiuliza, "Na kuku wako anayetamia?"

"Ameshaangua."

Damu ya wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Kisha ukaingia mfungo wa Filseta wenyewe, ule wa Agosti, ambao hata watoto wanaufunga. Mama alikaa bila kula wala kunywa mpaka ibada ya alasiri iishe. Jioni niliondoa mtungi wa maji chumbani na kuupeleka jikoni. Kahawa ya jioni aliikataa hata kwa jirani, jambo ambalo kwetu linahitaji moyo. Nilijivunia.

Chini ya kitanda kulikuwa na dumu la njano la tsebel, maji ya baraka kutoka chemchemi ya kanisa. Jirani yetu Zewditu alikuwa amelileta kutoka hija, akamwambia mama asimeze dawa bila kuitia mkono wa Mungu. Kila jioni mama alisimama, akajifunika shema, shuka lake jeupe la kanisani, akasali kwa ajili ya safari, akameza kidonge na kunywa tsebel kikombe kimoja, kingine, na kingine tena, kwa kuwa tsebel haionjwi kama kahawa ya mgeni. Inanywewa kwa imani. Mimi niliona. Niliinamisha kichwa na kusema amina.

Siku chache kabla ya safari aliamka akilalamika kichwa. Tukasema ni mfungo. Kesho yake alitapika kidogo. Tukasema ni mfungo. Mchana wake nilirudi kutoka shuleni ninakofundisha masomo ya likizo, nikamkuta ameketi sakafuni, kiatu cha kushoto amekivaa mguu wa kulia, nguo za safari zimetapakaa kote.

"Umechelewa," aliniambia. "Kuni zitalowa."

"Kuni zipi, mama?"

Alinitazama kwa upendo ambao sikuwahi kuuona machoni pake, upendo wa kitoto, usio na haya.

"Arege, usinifanyie hivyo. Njoo ukae. Kila siku nakuota halafu hukai."

Nilikaa. Alinishika kidole kimoja, akakikaza. Nilitamani kuwa mtu aliyekuwa akimwona. Kisha nikaogopa, nikakumbuka maneno ya daktari, nikatoka kutafuta bajaji.

Damu ilitoa jibu kabla ya magharibi. Chumvi ilikuwa imeshuka sana. Walimlaza, wakawa wanaipandisha polepole, kwa kuwa ikipanda haraka nayo inadhuru. Siku ya pili alinijua, akaniuliza kwa nini sijachana nywele. Daktari Biruk akavuta kiti.

"Mama, sielewi. Ulikuwa unakunywa maji usiku?"

"Hata tone."

Akanigeukia. "Wubalem?"

"Hata tone, daktari. Mtungi niliuhamisha mwenyewe."

Hatukuwa tunadanganya. Akauliza chai. Hapana. Maziwa, katikati ya mfungo? Mama alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Daktari alikuna kidevu.

"Kidonge unakishushia kwa kitu gani?"

"Kwa tsebel," mama alisema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jina lake.

"Funda?"

"Funda ni la nini, mwanangu? Vikombe. Tena kwa wingi, nilikuwa na safari."

Daktari alifumba macho. Nami nikakumbuka amina zangu za kila jioni. Kwetu mtu akitoka kanisani amejaa tsebel mpaka kooni hasemi amekunywa maji. Akiulizwa atasema ana kiu.

"Mungu aniwie radhi," daktari alisema taratibu, akigusa uzi wake. "Mimi pia naitumia. Lakini figo haitofautishi, mama. Kwake yote ni maji."

"Figo yangu imebatizwa."

"Imebatizwa, sikatai. Lakini chumvi yako imezimuliwa, na ungeweza kupata degedege." Akasubiri mama amtazame. "Kosa ni langu pia. Nilisema maji, nikasahau niko wapi."

"Basi nitaiacha tsebel mpaka nirudi safari."

"Kidonge ndicho tunachoacha. Mwili ambao chumvi yake imeshuka hivi siurudishii dawa hii. Tsebel kunywa asubuhi, kidogo. Maji yako mengi yanywe mchana, alasiri inua miguu juu ya mto, jioni punguza. Utaamka mara chache kidogo. Kuamka utaamka."

Mama alivuta shema mpaka usoni, na kutoka siku ile hadi tulipofika nyumbani aliongea nami kuhusu vitunguu na mvua tu. Filseta ilifunguliwa bila yeye kwenda popote. Nguo za safari alizikunja mwenyewe, akazirudisha sandukuni moja moja.

Mama mkubwa alipiga simu jioni ya sikukuu. Mama alinionyesha ishara niseme amelala. Sikuweza. Nilibonyeza spika na kuiweka simu kwenye meza kati yetu.

"Jogoo amenenepa mpaka anatembea kama askofu," sauti ya mama mkubwa ilisema. "Sababu safari hii ni ipi?"

Mama aliisogeza simu karibu.

"Arege, sina dawa tena. Naamka usiku. Siwezi kulala kwa watu."

"Mimi ni watu?"

"Unajua ninachosema."

"Najua. Mwaka ule ulipolowesha godoro, ulidhani nani alikuwa amelala upande wa pili? Mgongo wangu ulilowa mpaka shingoni, Yeshi. Nilijifanya nakoroma."

Mama aliweka kiganja mdomoni.

"Nilinyamaza usije ukaona haya, ili urudi," mama mkubwa aliendelea, na sauti yake ikapungua. "Nawe hukurudi. Laiti ningekucheka siku ile. Ungekasirika mwezi mmoja, halafu ungekuja."

Upande wa pili nilisikia jogoo, mwingine au yule yule.

"Ndoo unayo?" mama mkubwa aliuliza.

"Ninayo."

"Ya kwangu imetoboka. Njoo na ya kwako."

Tulisubiri damu ipimwe tena, na daktari akaridhika. Mama aliondoka asubuhi, ndoo imefungwa kwa kitambaa cha sikukuu, ndani yake mkate wa dabo ili watu wasiulize.

Kesho yake nilishindwa kungoja. Nilipiga simu kabla sijanywa chai.

"Umelala, mama?"

"Sijalala kabisa," alisema. Sauti ilikuwa imemkauka kwa mazungumzo ya usiku kucha. "Nani alikuja huku kulala?"