Video ya Kadi ya Wema

Jovitha alianguka mbele ya meza ya viatu ya Winifrida, katikati ya soko la Mchikichini, mchana watu wamejaa. Alikuwa anamchagulia mwanawe raba. Winifrida aliona mikono inavyokakamaa akajua ni kifafa. Akasukuma viatu pembeni, akamlaza ubavu, akamwekea sweta chini ya kichwa. Sketi ilikuwa imepanda na mkojo umemtoka, kwa hiyo akafungua khanga yake ya kiunoni akamfunika. Waliotoa simu kurekodi aliwafukuza kwa matusi.

Alipozinduka, dada yule aliuliza kwanza nani amemwona. Alikuwa anauza vitenge kwenye duka moja Kariakoo, na bosi wake hakujua anaumwa nini.

"Akijua, kazi sina."

"Hatajua," Winifrida alimwambia, akamtafutia bajaji.

Kesho yake Jovitha alirudisha khanga, imefuliwa na kupigwa pasi. Hakumkuta Winifrida, akaiacha kwa jirani yake, Matilda, anayepika wali na maharage kibanda cha pili. Akaacha na namba ya simu.

Wakati huo sokoni kulikuwa na kikundi kinaitwa Wema Mtaani. Mtu akitenda wema, kinampa kadi, na kadi ile anaitumia kununua vitu kwenye vibanda vya palepale. Kila kadi inapigiwa video, na wafadhili wakiiona wanachangia mabomba ya maji ya choo cha soko, choo ambacho wanawake walikuwa wakiingia na ndoo. Watu walikipenda kikundi hicho. Hata Winifrida alikisifia.

Matilda ndiye aliyewapelekea jina la Winifrida.

Asubuhi moja Winifrida alifika akakuta kamera imesimamishwa mbele ya meza yake. Kijana wa kikundi, Elibariki, alimwamkia shikamoo vizuri sana. Nyuma yake, juu ya stuli ya Matilda, alikaa Jovitha, mikono mapajani.

"Mama, hongera. Umechaguliwa," Elibariki alisema. "Tunataka tu tuigize ilivyokuwa. Dada ataanguka hapa, wewe utatoka kule na khanga."

Winifrida alidhani hajasikia vizuri. "Ataanguka?"

"Kuigiza tu. Dakika mbili."

"Na sura yake?"

"Tukiiziba, mama, wafadhili hawaguswi."

Winifrida alimgeukia Jovitha. "Mwanangu, wewe umekubali hili?"

Jovitha hakuinua macho. "Wameniambia ukipata kadi wateja wataongezeka. Umenisaidia, mama. Ningekataaje?"

Hapo ndipo hasira ilimpanda Winifrida. Binti huyu alikuwa amekuja kujidhalilisha hadharani, kwa ajili yake.

"Lala wewe," alimwambia Elibariki.

"Samahani?"

"Lala hapo chini, ujikojolee, sketi ipande. Nitakufunika, nao warekodi. Si kuigiza tu?"

Watu walicheka. Elibariki hakucheka, alitazama sakafu yenye matope, kisha akatazama kamera.

Matilda aliingilia. "Wini, acha kiburi. Maji ya choo hayo. Tunakosa wote kwa ajili yako?"

"Namba yake alikupa uniletee mimi. Wewe ukampa nani?"

Matilda alikoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Winifrida alifunika viatu kwa turubai, akamshika Jovitha mkono, wakatoka. Barabarani Jovitha alianza kulia, halafu akamkasirikia Winifrida.

"Niliogopa kukataa. Watu wananitendea wema, kisha wananiona mali yao."

Winifrida alibaki amemshika mkono mpaka walipofika mbele ya duka la vitenge.

Kadi alipewa kinyozi aliyerudisha simu aliyookota. Video yake haikuwagusa wafadhili; kikundi kikahamia soko jingine, na mabomba yakaenda huko. Sokoni walimlaumu Winifrida. Mteja akiulizia viatu vya watoto, walimwelekeza upande mwingine. Kila alipobeba ndoo kwenda chooni alisikia wakinong'ona, naye aliibeba bila kugeuka. Maji aliyataka kama wao. Hasira yake haikupungua kwa sababu hiyo; iliongezeka, maana hakuna aliyemlaumu Elibariki.

Wiki kadhaa zikapita hawasemeshani na Matilda. Siku moja Matilda alisimama mbele ya meza, mikono imelowa maji ya mchele.

"Ile namba nilikosea kuitoa."

"Si mimi niliyekosewa. Mwambie yeye."

"Nimpigie simu?"

"Usipige. Jumamosi huwa anapita hapa. Njoo umwambie mbele yangu."

Jumamosi ile Matilda hakuja. Alijifanya ana wateja wengi. Iliyofuata alivua aproni, akaja, akasimama mbele ya Jovitha akaomba radhi kwa sauti ndogo. Jovitha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, dada," alisema. Hakusema amesamehe.

Matilda alirudi kwenye sufuria zake. Winifrida akamsogezea Jovitha kiti, akaendelea kupiga viatu brashi.