Kizingiti cha Udaktari

Jana, usingizi uliponipitia, niliota nimefika mlangoni pa shule ya udaktari nimebeba ubongo wangu kwenye sinia la pilau.

Halikuwa jambo la kushangaza. Wote tuliokuwa kwenye foleni tulikuwa na masinia. Dada aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameufunika wake kwa kawa ili nzi wasitue.

Niseme kwanza kwamba mimi si mwanafunzi wa udaktari. Nasoma sayansi ya ubongo, mwaka wa tatu. Alama zangu za kidato cha sita zilipungua kidogo, nikaambiwa ipo njia ya kuzunguka: nimalize kwanza digrii hii, kisha niombe udaktari. Mama yangu, kule Tukuyu, huwaeleza majirani vizuri kuliko ninavyoweza mimi. "Atupele ameanza na kichwa," husema. "Mwili utafuata."

Mlango ulikuwa wazi, ila kizingiti chake kilinifika kiunoni. Darasani tumefundishwa kwamba neva haipeleki habari mpaka msukumo uvuke kizingiti. Usipovuka, haipeleki hata nusu. Sikujua kwamba kizingiti chenyewe ni cha mninga na kina sauti nzito.

"Kwa nini unataka udaktari?" kikauliza.

"Nataka kusaidia watu."

Kikapanda hadi kifuani.

"Wote wanasema hivyo," kikaniambia, bila ubaya. "Jaribu tena."

"Nimependa sayansi tangu nikiwa mdogo."

Kikafika kidevuni.

Nyuma yangu nasikia vigelegele. Nageuka. Shangazi zangu wamejipanga mstari, wameshona sare ya kitenge chenye picha ya uso wangu, na chini ya uso pameandikwa DAKTARI. Katika picha hiyo nimezeeka na nimechoka sana.

"Usitazame huku," mama anasema kutoka katikati yao. "Tazama mbele. Ng'ombe ameshachinjwa."

Natazama mbele, mlango haupo. Tumo kwenye maabara ya chuo chetu, masinia yako mezani, na hakuna mtu aliyetembea. Dakta Lwitiko, anayetufundisha njia za neva, anapita kati yetu amefunga mikono nyuma.

"Upande wa kushoto wa ubongo unatawala upande wa kulia wa mwili," anasema. "Kwa hiyo waliokaa kushoto watawatawala waliokaa kulia. Na atakayekata bila ruhusa yangu ataanza upya, tangu shule ya awali."

Mimi nimekaa kulia. Mkono wangu unachukua kisu. Si mimi ninayeuongoza. Yule dada mwenye kawa, aliyekaa kushoto, anajikuna sikio, na mkono wangu unapanda na kisu hadi sikioni kwangu.

"Acha kujikuna, tafadhali," namwambia.

"Samahani. Nina mzio."

"Wewe kata tu," ubongo wangu unasema kutoka kwenye sinia. Una sauti yangu, ila imetulia. "Mimi siumwi. Ubongo hausikii maumivu, na hilo unalijua, lilikuja kwenye mtihani."

"Nikikata ataumwa nani?"

"Wewe."

Hapo mlango wa maabara unafunguka na anaingia baba mdogo Ambakisye.

Huyu ni mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyenilea. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi akiwa kwenye migomba yake. Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia umelala, na kinywani limebaki neno moja: kesho. Ukimsalimu, kesho. Ukimpa chai, kesho. Akilia, analia kwa neno hilohilo. Mimi napajua mahali damu ilipokwama. Nimepachora, nikapata alama zote. Nikienda likizo hunishika kwa mkono mzima na kunitazama, akisubiri, nami humtajia jina la sehemu hiyo.

Katika ndoto anatembea mwenyewe, amevaa koti la kanisani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Hapa kwenu pana baridi, eh! Mnawezaje?" Anaongea kwa kasi kama zamani. "Sikai. Nimesikia una maneno mengi, nimekuja kukuomba moja."

"Baba mdogo, mimi bado si daktari."

"Sijaja kutibiwa. Nimekuja kuomba neno."

"Ngoja nimalize hapa, kisha niingie kule, kule ni miaka mitano, halafu mafunzo ya hospitali, halafu..."

"Kesho," anasema kwa upole.

Dakta Lwitiko yuko dirishani, ametupa mgongo, lakini visigino vyake vinanitazama.

"Ni wapi?" nauuliza ubongo, kwa kunong'ona.

"Hapa, juu kidogo ya sikio la kushoto. Kata kama punje ya harage. Hapo pana neno moja tu."

"Neno gani?"

"Nikikuambia utaling'ang'ania."

Mkono si wangu, kwa hiyo namwinamia yule dada ng'ambo ya meza. "Dada, nakuomba. Fanya kama unakata mkate."

"Mkate wa nani?"

"Wa mgonjwa."

Anafikiri kidogo. Kisha anakata mkate usiokuwepo, taratibu, na kisu changu kinakata. Nasikia maumivu. Hayako kichwani. Yako mahali nisipoweza kupataja, na mimi ndiye ninayeongoza darasa kwa kutaja sehemu za mwili.

Baba mdogo anaifunga ile punje kwenye leso, anaitia mfukoni, anaupapasa mfuko.

"Ahsante, mama. Dogo, lakini litanitosha kuanzia."

Anatoka. Dakta Lwitiko anageuka. "Nani amekata?"

Kila mtu analitazama sinia langu. Nataka kukana, ila ubongo wangu umeshanyoosha mkono, ingawa hauna mkono.

Mara niko mlangoni tena. Shangazi hawapo. Kizingiti kimelala chini kabisa, hata mtoto anayetambaa angevuka, na mimi nimesimama juu yake.

"Unaingia au unatoka?" kinauliza.

Naangalia huku, naangalia kule. Pande zote mbili ni korido, na mwisho wa kila moja kuna mtu ananisubiri.

"Sijui," nasema.

"Basi inua mguu, tuone."

Nikainua mguu, nikazinduka.

Palikuwa pameshakucha. Zamda, ninayeishi naye chumba kimoja, alikuwa ameinamia jiko la gesi.

"Atu, uji unashika chini! Nipe mwiko!"

Nikaruka kutoka kitandani. Rafuni palikuwa na vyombo vyetu vilevile. Nikampa chujio.

"Mwiko, wewe!"

Nikampa upawa. Akacheka, akasema nikalale tena, akanipita na kuchukua mwenyewe kile cha mti, kirefu, bapa kwa mbele, ninachosongea ugali tangu utotoni. Nilikitazama. Matumizi yake nayajua yote.

Simu ikalia. Alikuwa mama, akihema kama aliyekimbia.

"Atupele, baba yako mdogo amesema! Si kesho. Amesema neno jingine!"

"Neno gani, mama?"

"Mwiko! Ameamka nalo. Tumempa ule wa jikoni, ameukumbatia, anauita, anacheka na machozi yanamtoka. Sasa tufanyeje, mwanangu? Tumrudishe hospitali? Wewe ndiye unayesomea."

Zamda alikuwa anakoroga. Nilijaribu kulitamka lile neno kimoyomoyo, likaniteleza kabla halijafika ulimini.

"Msimpeleke popote kwanza," nikasema. "Hilo neno, mwambieni akae nalo."