Ogola, Kisumu

Ogola aliacha shule akiwa Form Two, huko Awasi, siku mwalimu alimwambia apige magoti mbele ya darasa na yeye akasema hapana. Hakufukuzwa. Alichukua tu sweta yake akatoka. Tangu siku hiyo mama yake alikuwa akiwaambia watu kwamba huyu kijana wangu goti lake halina kiungo.

Mwaka wa tisini na saba alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kazi yake ilikuwa kompyuta. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la misumari, mjini Kisumu. Mlangoni waliandika Mradi wa Magugu, kwa sababu ya yale majani ya ziwa yaliyofunga bandari mpaka boti zikawa kama zimepandwa shambani. Mkubwa wa ofisi alikuwa Daktari Waliaula, mtu wa Bungoma, daktari wa mimea, si wa watu. Alijua kila gugu kwa jina lake la Kilatini, lakini kuwasha kompyuta hakujua. Ogola ndiye alikuwa anapigia Nairobi simu kwa modemu, mara mbili kwa siku, anangoja ile kelele yake ya paka aliyekanyagwa, anavuta barua zote zilizokuja, anazichapa kwenye karatasi na kumpelekea mzee. Mzee anajibu kwa kalamu, Ogola anataipu, anatuma.

Barua nyingi zilitoka kwa watu wa Orodha. Orodha ilikuwa ni wanasayansi kama arobaini wa kuzunguka ziwa lote, Kisumu, Mwanza, Jinja, Entebbe, wanaandikiana kuhusu samaki na magugu. Ukituma barua moja inawafikia wote. Mwenye kuiangalia alikuwa Daktari Nelima, mama mmoja mkali wa Nairobi. Na kila ofisi ilikuwa na anwani moja tu, kwa hivyo mtu akiandika lazima aweke jina lake chini, watu wajue ni nani anaongea.

Jumatatu mpaka Alhamisi ilikuwa Kizungu na namba. Lakini Ijumaa, kuanzia saa tisa, walikuwa na kitu wanaita Kijiwe. Kwenye Kijiwe unaongea Kiswahili tu, na sayansi ni marufuku. Ukitaja sayansi, adhabu yako ni kuambia watu wote ulikula nini jana usiku, ukweli, bila kujiongezea nyama.

Ijumaa saa nane Daktari Waliaula alikuwa ameshapanda gari ya Bungoma. Mara ya kwanza alimwambia Ogola akiwa mlangoni na begi, "Wewe jibu hao watu chochote. Wasifikirie tumekufa."

Ogola akajibu. Jamaa wa Mwanza, Obeid, alikuwa ameandika kwamba watu wa Kisumu hawajui samaki, wanakula sangara halafu wanamuita mbuta, jina kama la mtu anayekohoa. Ogola akaandika: "Bwana Obeid, nyinyi mnamuita sangara na bado mnamchemsha kama mtu anafua soksi. Jina si shida yenu. Shida yenu ni sufuria." Akaweka chini: Ogola, Kisumu.

Majibu yakamiminika. Mtu wa Entebbe alicheka kwa Kiswahili kibovu mistari mitatu. Na Obeid akaandika: "Karibu Kijiweni, Dkt. Ogola! Hatimaye Kisumu imetuletea mtu mwenye mdomo."

Ogola alisoma hiyo Dkt. mara mbili. Angeweza kusema hapana, mimi ni mtu wa kompyuta tu. Hakusema. Ilikuwa tamu, mtu asidanganye. Beldina, mwenye taipureta kwenye chumba cha mbele, aliinama juu ya bega lake akaona.

"Yawa! Daktari wa nini sasa?"

"Daktari wa mdomo," Ogola akasema.

"Omera, hiyo itakuletea maneno."

Miezi minane ikapita hivyo. Waliongea juu ya mvua, juu ya mpira, juu ya mama mkwe wa mtu wa Jinja aliyekuja kutembea siku mbili akakaa Pasaka mpaka Krismasi. Ijumaa moja Obeid aliandika kitu kingine. Alisema kijana wake, Idd, ameacha shule, anashinda gereji na mafuta mpaka kwa masikio, na yeye kama baba ana wiki sita hajamsemesha. Watu wengi walimpa pole. Ogola akaandika: "Pole ya nini? Mtoto si mgonjwa. Anafanya kazi. Muulize leo alitengeneza nini, halafu nyamaza umsikilize." Wiki iliyofuata Obeid aliandika mstari mmoja tu. "Nilimuuliza, Dkt. Ogola. Tuliongea mpaka chai ikapoa."

Siku hiyo Ogola hakucheka na mtu. Alikaa na hiyo karatasi.

Sasa mwezi wa tisa Nelima akaamua watu wa Orodha wakutane uso kwa uso, na wakutane Kisumu, kwa siku mbili, kwenye ukumbi wa hoteli. Programu ikaja kwa modemu. Ogola akaichapa, akampelekea mzee, na mzee akaisoma na miwani kwenye pua mpaka akafika mahali akasimama.

"Ogola."

"Daktari."

"Hapa wameandika mazungumzo ya jioni yatafunguliwa na Dkt. Ogola wa Kisumu. Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

Waliaula akavua miwani. "Wewe ni daktari tangu lini?"

"Mimi sijawahi kujiita. Wao ndio waliniita."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Mzee hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Nelima akijua karani wa Form Two ndiye amekuwa akiongea kwa anwani ya ofisi, yeye Waliaula ataonekana mjinga kwa nchi tatu. Halafu akachukua kalamu. "Andika hivi. Dkt. Ogola amehamishiwa Kitale, anawasalimia wote. Basi. Imeisha. Na Kijiwe usiguse tena."

"Sitaandika."

"Unasemaje?"

"Kama ni kuandika mimi si daktari, nitaandika saa hii. Lakini kujihamisha mwenyewe Kitale, hapana. Sijafa, sijahama, niko hapa."

"Basi nitawaambia mwenyewe. Wewe siku hiyo utabeba makaratasi, utagawa, na utafunga mdomo. Umesikia?"

Ogola alisikia. Hakusema ndiyo.

Siku ya mkutano walikuja watu kumi na tisa. Ogola alikuwa amesimama karibu na mlango na rundo la karatasi mikononi, anamgawia kila mtu, na hakuna aliyemtazama juu ya mkono. Obeid, Ogola alimjua kabla hajasema jina. Alikuwa mzee kuliko vile alifikiria, kofia kichwani, tumbo mbele, anacheka akiwa bado nje. Alichukua karatasi kwa Ogola bila kuangalia, akapaza sauti ukumbi mzima.

"Yuko wapi Daktari Ogola? Nimetoka Mwanza kwa ajili ya kugombana naye!"

Waliaula akainuka haraka. "Bahati mbaya, Mzee Obeid. Daktari Ogola alihamishiwa Kitale wiki iliyopita. Anawasalimia."

"Kitale! Bila kutuaga?"

"Ilikuwa ghafla."

Uso wa Obeid ukaanguka. Ilikuwa ni kama ameambiwa mtu amekufa. Hiyo ndiyo ilimshinda Ogola. Maneno ya mzee wake angeweza kuyameza, lakini huo uso hapana.

"Kitale sijawahi kufika hata siku moja," Ogola akasema.

Watu wakageuka. Akaweka karatasi juu ya kiti.

"Ogola ni mimi. Ogola, Kisumu. Si daktari. Nilifika Form Two. Kazi yangu ni hiyo kompyuta."

Waliaula akasema, "Ogola, toka nje." Lakini Nelima alikuwa ameshainua mkono. Alikuwa mama mfupi, na alipoinua mkono hata fundi wa vipaza sauti alinyamaza.

"Umetudanganya miezi minane," akasema.

"Mama, chukua barua yoyote niliandika. Chini ni Ogola, Kisumu. Hiyo Dkt. mliweka nyinyi wenyewe, kwa sababu hamkufikiria mtu anaweza kuongea na nyinyi bila hiyo. Kosa langu ni kwamba sikuwasahihisha. Hiyo nakubali, na mniwie radhi. Hii ya Kitale ndiyo nakataa."

Obeid alikuwa anamtazama kama mtu anayetafuta kitu kwa mfuko. "Mimi nilikueleza habari za nyumba yangu," akasema polepole. "Za mtoto wangu. Ningejua wewe ni kijana wa kutaipu, nisingekusikiliza."

"Basi hiyo shida ni yako, Mzee. Maneno yangekuwa yale yale."

Mtu mmoja nyuma akasema "Aah!" kama ameungua. Obeid alivuta kiti, akaketi, akatazama sakafu.

"Yangekuwa yale yale," akasema mwisho, bila kumwambia mtu. "Na ningeyatupa."

Nelima hakuwa mtu wa kulainika. Alisema Orodha ni ya wanasayansi, na jina la Ogola atalitoa.

"Utatoaje?" Ogola akauliza. "Anwani ni ya ofisi. Ukinifungia mimi, umemfungia na Daktari Waliaula."

Kicheko kikapita viti vya nyuma. Waliaula alikuwa ameloa shati.

"Basi utaandika chini, Ogola, karani. Watu wajue."

"Ijumaa Daktari Waliaula akiandika, anaweka daktari?"

Nelima akafikiria. Ukweli alikuwa nao, mama yule, hata kama hakuupenda. "Hapana. Ijumaa tunaweka jina na mji."

"Basi na mimi nitaweka jina na mji."

Nelima akasema kama Ogola atabaki ama atatoka, hilo litaamuliwa Kijiweni, Ijumaa, kila mtu aandike anavyoona. Halafu akaamuru mkutano uanze, na Ogola akachukua karatasi zake akaendelea kugawa. Watu sasa walimtazama usoni wakipokea. Wengine kwa ubaya.

Jioni, kwenye ngazi ya hoteli, Waliaula alimngoja. "Nisikilize vizuri. Ukigusa hiyo kompyuta Ijumaa kwa mambo ya Kijiwe, Jumatatu usije kazini. Sirudii."

Alimwambia Beldina kesho yake. Beldina alikuwa anabadilisha utepe wa taipureta, vidole vyeusi.

"Kwa soga, Ogola? Upoteze kazi kwa soga?"

"Si soga."

"Ni nini sasa?"

Alijaribu kueleza akashindwa. "Kila mahali nimetolewa, Beldina, ama nimetoka. Pale niliingia kwa mdomo wangu mwenyewe. Wakitaka kunitoa, wanitoe wao. Mimi sijitoi."

"Kazi hakuna hapa Kisumu, unajua."

"Najua."

Ijumaa Daktari Waliaula hakwenda Bungoma. Saa nane ilipita, saa tisa ikapita, begi lake liko sakafuni na yeye amevuta kiti nyuma ya kiti cha Ogola, mikono kifuani. Nje ilikuwa inanyesha mvua ya wazimu, maji yanateremka barabarani na viatu vya watu. Ogola alipiga Nairobi, kwa sababu kuvuta barua ilikuwa kazi yake. Modemu ikalia. Barua kumi na moja.

Alizichapa, akampa mzee, mzee akazisoma kwa sauti. Tano walisema abaki. Mmoja aliandika kwamba yeye hajali, anataka tu kujua mpira wa Jumapili ulikwishaje. Obeid aliandika, "Abaki. Nimekasirika naye, lakini abaki," na hakuongeza kitu. Watatu walisema Orodha ni Orodha, lazima kuwe na mpaka. Na ya mwisho ilitoka kwa daktari mmoja wa Jinja, na Waliaula aliisoma polepole ili kila neno lifike: "Mimi sikusoma miaka hii yote nikuje kupiga porojo na karani. Kama yeye yuko, mimi sijibu."

"Umesikia?" Waliaula akasema. "Zima hiyo kitu, twende nyumbani. Mimi nitasahau yote."

Alisema kwa upole, na huenda alimaanisha. Kwenye chumba cha mbele taipureta ya Beldina ilikuwa imenyamaza.

Ogola akavuta kibodi karibu.

"Ogola. Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisije Jumatatu."

Akaanza kutaipu. Hakutaipu haraka. Kila neno lilionekana kwenye kioo, na mzee nyuma yake alikuwa anasoma.

"Daktari wa Jinja, salamu. Hakuna mtu amekulazimisha kujibu. Lakini Ijumaa ni Ijumaa, na mimi nina habari. Hapa mvua imenyesha tangu asubuhi, barabara zote ni ziwa, na ng'ombe moja imeingia posta ikakataa kutoka. Watu wa posta wanaiuzia stempu kupitia dirishani. Imesimama kwa foleni vizuri kuliko sisi wote. Anayejua namna ya kumtoa ng'ombe posta bila kuvunja kaunta aandike haraka."

Chini akaweka: Ogola, Kisumu.

Nyuma yake Waliaula alitoa sauti kama kikohozi, na kama kilikuwa kicheko alikimeza. Halafu akasema kwa ukali, "Funguo."

Ogola akazitoa mfukoni, ya mlango wa chini na ya juu, akaziweka mezani kando ya modemu bila kugeuka. Halafu akabonyeza kutuma. Modemu ikapiga namba, ikalia, ikakwama. Akapiga tena. Mara ya tatu laini ikashika, na barua ikaondoka.

Hakuinuka. Akakunja mikono kwenye kiti kile kile, akangoja majibu.